Sindano kavu kwenye kigimbi: yaliyonikuta mimi

Dogo, umeuliza kama umkubalie trena (yule anayetibu majeraha ya wachezaji) wa timu yenu huko chuoni Marekani akuchome sindano kavu, maana mzee wako kasikia "sindano" akadhani unapewa dawa za kuongeza nguvu. Mama yangu naye alinigombeza hivyo hivyo kwenye simu. Sindano hii huchomwa kwenye fundo la msuli uliokaza, haina bomba wala dawa, ndiyo maana ikaitwa kavu. Kwa upande wa doping lala usingizi.

Mimi nilichomwa mwaka wa pili, mguu wa kulia, baada ya wiki tatu za kukandwa na barafu bila nafuu. Trena alipapasa kwa dole gumba mpaka akagusa fundo lililonifanya nishtuke, akapafuta kwa spiriti, akasimamisha kijibomba cha plastiki cha kuelekezea sindano, akagonga kichwa cha sindano. Kwenye ngozi sikusikia kitu. Ilipozama kwenye lile fundo, kigimbi kikaruka chenyewe kama samaki aliyetupwa mtumbwini. Maumivu yake mazito, kama msuli ukikukaza usiku. Dakika chache, kwisha.

Kosa langu: sikumwambia kocha. Kesho yake tulikuwa na mita 400 mara kumi, nikazikokota zote nikiwa wa mwisho. Siku ya tatu ndipo mguu ulipolegea. Halafu wiki mbili baadaye fundo likarudi, na halikuondoka mpaka nilipofanya kweli yale mazoezi ya kupandisha visigino kwenye ngazi niliyokuwa nakwepa. Kwa hiyo anayekwambia sindano peke yake inaponya, mimi simo.

Nilipohamia chuo cha jimbo jingine, trena wa huko alikataa kabisa kunichoma: sheria za kule hazimruhusu. Kila jimbo lina yake. California hata wataalamu wa fiziotherapia (tiba ya viungo) hawaruhusiwi. Muulize wako kasomea wapi kuchoma, na jimbo linasemaje. Akinuna, shuka kitandani.

Kigimbi hakinitii hofu. Bega na mgongo wa juu ndiyo, kwa sababu pafu liko karibu. Mwaka 2013 mchezaji wa skii (kuteleza kwenye theluji) wa Marekani, Torin Yater-Wallace, alitobolewa pafu hivyo. Ukichomwa huko kisha kifua kikabana au pumzi ikakatika, usingoje kukuche, nenda hospitali.

Na kama sindano zinakuzimisha, sema mapema. Mwenzangu mmoja alianguka hata pakiti haijafunguliwa.