Bernadeta ni jina la wapi?

SWALI: Shikamoo anti. Nina mimba ya miezi saba na tukijaliwa wa kike nataka nimpe jina la marehemu bibi yangu, Bernadeta, alibatizwa huku Bukoba mwaka 1936. Mume wangu hataki kabisa, anasema ni jina la kiume la Wajerumani limeongezwa mkia tu, afu eti maana yake dubu. Ni kweli? Na niandike Bernadeta au Bernadette?
Mamakijacho, Bukoba

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera. Kwenye mzizi mumeo yuko sahihi. Bernard ni la Kijerumani cha kale, nusu ya kwanza ni dubu na ya pili ni imara, shupavu. Wafaransa wakalichukua, wa kike akawa Bernarde, afu wana kale ka -ette wanakokaweka mwishoni kumaanisha kadogo, ndo ikawa Bernadette.

Ila jina halikufika Bukoba kwa sababu ya dubu jamani. Limeletwa na binti mmoja maskini wa Lurdi, kusini magharibi mwa Ufaransa. Alizaliwa 7 Januari 1844, akabatizwa Marie-Bernarde, na mama wa ubatizo alikuwa mama yake mkubwa, naye Bernarde, kwa hiyo nyumbani mtoto wakamwita Bernadette, yaani lilikuwa jina la kumdekeza tu. Baba yake alikuwa na kinu cha kusaga nafaka kikampotea, wakaishia familia nzima kwenye chumba kimoja kilichokuwa zamani jela, binti ana pumu, hajui kusoma, na huyo huyo mwaka 1858, ana miaka 14, ndo akaenda kuokota kuni pangoni Massabielle akamwona Bikira Maria, mara 18 kuanzia 11 Februari mpaka 16 Julai. Wakubwa walimhoji weee, hakubadilisha maneno. Mimi hapo huwa namheshimu sana. Baadae akawa sista kule Nevers, akafariki 1879 ana miaka 35.

Sasa angalia mwaka wa bibi yako. Bernadette alitangazwa mwenyeheri 1925, na tarehe 8 Desemba 1933 Papa Pius XI akamtangaza mtakatifu, kwa hiyo bibi kabatizwa miaka mitatu tu baadae, jina bado la moto! Enzi zile mapadri walitaka mtoto abatizwe kwa jina la mtakatifu, na huko kwenu walikuwa Mapadri Weupe, shirika lililoanzishwa na Kardinali Lavigerie, Mfaransa wa Bayonne, upande huo huo wa kusini magharibi. Kongo, Rwanda na Burundi nako jina limejaa kwa njia hiyo hiyo ya Kanisa. Ireland pia, kuna Bernadette Devlin aliingia bunge la Uingereza 1969 akiwa na miaka 21 tu.

Kuhusu kuandika, yote mawili ni jina moja, ila mimi ningeandika Bernadeta kama la bibi, ndo linavyotamkwa kwetu. Cha muhimu cheti cha kuzaliwa na cha ubatizo vifanane herufi kwa herufi, manake huko mbele shule na pasipoti zinasumbua. Na somo wake sikukuu yake ni 16 Aprili, japo Wafaransa wao wanamwadhimisha 18 Februari, usije ukachanganya.