Makala 300 za ubwiriunga, nianzie wapi?

SWALI: Shikamoo mhariri. Mi niko Mikindani, Mtwara, nafanya utafiti wa ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe kama unga kwenye mikorosho, sasa nimedaunlodi makala kama 300 laptopu imejaa hata sijui nianzie wapi. Mwenzangu anasema akili mnemba inaweza kunichorea ramani ya makala zote. Kweli au ananipiga kamba?

JIBU: Marahaba. Hajakupiga kamba. Inavyofanya kazi ni hivi, kompyuta inasoma kichwa na muhtasari wa kila makala, inavigeuza kuwa namba, halafu zinazofanana maana zinawekwa jirani, yani zile za dawa ya salfa utaziona zimejikusanya kona moja, za mbegu zinazostahimili ugonjwa kona nyingine. Anza na VOSviewer, programu ya kuchora ramani hizo, ni ya bure, imetoka Chuo Kikuu cha Leiden kule Uholanzi, yenyewe inahesabu tu maneno yanayotokea pamoja na nani kamnukuu nani, wala haihitaji mbwembwe. Tovuti ya Connected Papers nayo, unaipa makala moja inakutolea ndugu zake kwa viduara, kiduara kikubwa maana yake imenukuliwa sana.

Ila hapo kwenye ukubwa ndo watu wanapotea. Kunukuliwa sana sio ubora, mara nyingi ni uzee tu! Na ripoti ya karatasi iliyolala kabatini pale kituo cha utafiti wa kilimo Naliendele ramani haiioni, kwahiyo usiseme "hakuna aliyechunguza" kabla hujapanda bodaboda ukaulize maktaba.