Kuchangisha hela za makumbusho ya watoto Mwanza: rudi kwa mtu kabla hujaishiwa

Huu ni mwaka wa sita nasimamia uchangishaji na mambo ya wafadhili kwenye makumbusho ya watoto hapa Mwanza, na meseji ninazopokea sana ni za watu wanaotaka kuanzisha kitu cha watoto, maktaba, chumba cha sayansi, sehemu ya michezo, na wote wanauliza swali moja, dada mfadhili nampata wapi. Nawaelewa maana na mimi nilianza na swali hilo hilo, likanipotezea miaka miwili. Kupata mtu wa kutoa mara ya kwanza sio kazi ngumu kihivyo. Kazi ni atoe mara ya pili.

Mwaka wa kwanza tulipata milioni 8 kutoka kwa mzee mmoja mwenye biashara ya minofu ya sangara. Tukajenga tenki la kioo kubwa, la kuwaonyesha watoto samaki wa ziwa letu wakiwa hai, sato, dagaa, na wale furu ambao mtoto wa siku hizi hata jina hajawahi kulisikia kwa sababu sangara aliyeletwa ziwani miaka ya 50 na 60 aliwamaliza wengi. Tukafanya uzinduzi, mgeni rasmi, keki, picha, kibao chenye jina la mzee ukutani. Halafu tukanyamaza, mimi nikaenda kutafuta mwingine. Mwezi wa tatu pampu ikaungua, samaki wakafa, tukamwaga maji tukasema tutatengeneza hela ikipatikana. Mwezi wa kumi na moja nikamrudia mzee na andiko jipya la kuomba hela, nimelipiga chapa vizuri, nimevaa vizuri. Akanisikiliza mpaka mwisho kisha akasema taratibu kabisa, "Mwanangu, mjukuu wangu alikuja kwenu na shule yao. Aliniambia babu, tenki lako halina maji."

Sikuwa na cha kujibu. Kutengeneza pampu ilikuwa laki moja na elfu themanini. Laki moja na elfu themanini! Ningempigia siku ile ile angeitoa mfukoni, tena angefurahi kuambiwa. Alichokiona yeye ni kwamba nilimficha, na kweli nilimficha, nilikuwa naona aibu. Hakunipa kitu mwaka ule wala uliofuata.

Kwa hiyo cha kwanza kabisa ninachomwambia mtu anayeanza, habari mbaya ipeleke wewe, ipeleke mapema. Kitu kimeharibika, mpigie. Bajeti imepitiliza, mpigie. Mjengo umechelewa miezi miwili kwa sababu fundi kaugua, mpigie usisubiri ripoti ya mwaka. Mfadhili akisikia kwako anakuwa mwenzako kwenye tatizo, akisikia kwa mjukuu wake unakuwa umemfanya mjinga mbele ya mtoto.

Sasa kuna watu wanasema Watanzania hatuna utamaduni wa kuchangia, kwamba mpaka mzungu aje. Hilo silikubali hata kidogo. Hebu angalia simu yako sasa hivi una magrupu mangapi ya harusi. Kipaimara, send-off, msiba, ada ya mtoto wa shangazi, mtu amelazwa Bugando, watu wanachanga kila wiki na mshahara wenyewe wa mawazo. Kamati ya harusi ya Mwanza ni wachangishaji wakali kuliko taasisi nyingi ninazozijua: kuna kadi, kuna ahadi inaandikwa, kuna mweka hazina, kuna mtu wa kukumbusha, na kila jioni grupu linatumiwa orodha nani kalipa na nani bado. Na zaidi ya yote, aliyechanga anaenda ukumbini, anakula, anamwona bibi harusi kwa macho yake, anajua elfu hamsini yake ni hii hapa.

Kwenye makumbusho mchangiaji wetu anakula nini? Hilo swali lilinikaa kichwani muda mrefu. Jibu nililolipata ni kwamba anatakiwa amwone mtoto, na sio siku ya uzinduzi ambapo watoto wamepangwa mstari wanaimba na soksi nyeupe. Mlete Jumatano saa tisa mchana bila sherehe, shule mojawapo ya Mabatini au Igoma imekuja, watoto arobaini wamejaa kwenye chumba cha mawe wanajaribu kupanga jiwe juu ya jiwe kama Bismarck Rock, yale mawe ya ziwani hapa Mwanza, na yanawaangukia, kelele tupu. Mkalishe kwenye kibenchi, mpe chai, usiongee. Niliwahi kumkalisha meneja wa benki hapo dakika ishirini, kuna mtoto wa kiume wa darasa la pili alikuwa anapanga mawe matatu, la tatu linaanguka kila mara, akaligeuza, likaanguka, akalamba kidole akafuta vumbi chini ya jiwe, akaliweka upande mwembamba, likakaa. Hakupiga kelele. Akageuka akamwangalia yule meneja, maana ndiye mtu mzima aliyekuwa karibu, kama anamuuliza umeona? Yule baba alisimama akaenda kuchuchumaa naye pale na suti yake. Andiko langu la kurasa kumi na mbili halijawahi kufanya hivyo.

Itabidi pia uwe na jibu fupi la makumbusho ya watoto ni kitu gani, kwa sababu ukitaja makumbusho huku kwetu mtu anawaza Bujora pale Kisesa, ngoma na vitu vya watemi wa Kisukuma, vitu vya kuangalia kwa heshima. Mahali pazuri sana pale na watoto wapelekwe, lakini sisi ni sehemu ya kushika. Huwa nawaambia kwa kifupi kwamba makumbusho ya kwanza ya watoto duniani yalifunguliwa Brooklyn, Marekani, mwaka 1899, Indianapolis wakafungua ya kwao 1925 na leo ndio makubwa kuliko yote, na kule Boston mkurugenzi wao Michael Spock, aliyeanza 1962, ndiye aliyesukuma sana hili la mtoto kushika, kufungua, kuvuta kamba aone nini kinatokea. Nikishasema hivyo nahamia haraka kwenye mtumbwi wetu, maana tajiri wa Mwanza hatoi hela kwa sababu ya Boston.

Mtumbwi wenyewe tulipewa na fundi mmoja wa mitumbwi, mzee mkimya, alikuwa hana pesa ya kutoa akasema nina mtumbwi umezeeka, nitawakatia nusu watoto waingie. Siku ile nilijifunza kuandika michango ya vitu kwenye daftari kama ninavyoandika ya hela, jina, tarehe, thamani yake kwa makadirio, na barua ya shukrani yenye muhuri anapelekewa nyumbani kama anavyopelekewa mtu wa milioni. Barua ile ameitundika kwenye banda lake la kazi. Wateja wake wanaisoma. Wateja wake wawili wameshakuja kwetu.

Lakini mtu aliyenifundisha hii kazi kuliko wote ni mama mmoja muuza dagaa wa soko la Mwaloni, Kirumba. Alikuja kumleta mjukuu, akasimama kwenye kona tuliyoitengeneza kama soko, mzani, ndoo, na vichanja vidogo, akatuangalia akasema, "Mayu, hapa mmekosea." Tulikuwa tumeweka dagaa wa mbao chini kwenye mchanga na vichanja tumeviegemeza ukutani kama pambo. Akakaa chini kabisa na kanga yake akawaonyesha watoto kwamba dagaa wa kuanikwa mchangani anabeba mchanga, bei yake inashuka, wa kichanjani anakauka juu na chini, anatoka msafi, huyo ndiye anayesafiri mbali. Nusu saa nzima watoto kimya wanamsikiliza. Nikamwomba aje tupange upya ile kona, akaja na wenzake watatu, sikuwaomba hata senti. Wakati wa kuondoka akanipa elfu hamsini imekunjwa kwenye kiganja, akaniambia ya soda za watoto. Nikamwambia wabeja mama, nikaiandika kwenye daftari mbele yake, risiti nikampa.

Baadaye ndiye aliyenipa kalenda. Nilikuwa nimepanga kwenda kwenye kikundi chao kuomba mchango siku fulani, akanipigia, usije sasa hivi, ni mbalamwezi. Dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza, mwezi ukiwa mkubwa taa haziwavuti, mitumbwi inapumzika, hela inakuwa ngumu kwa kila mtu kuanzia mwenye mtumbwi mpaka mama lishe. Kwa hiyo omba wakati wa giza. Ila wakati wa mbalamwezi ndio watu wana nafasi ya kukaa na kuongea, basi hapo ndio uende kuwasalimia, uwapelekee picha, uwaambie hela yao ilifanya nini, na ukaondoka bila kuomba. Huo ndio mpango wangu wa mwaka mzima mpaka leo, nimeuhamishia kwa watu wote. Kampuni nyingi zinapanga bajeti ya Januari kuanzia mwezi wa nane mpaka wa kumi, kwa hiyo andiko langu linaingia Agosti, na Februari na Mei narudi na mrejesho tu. Kwa kila mara moja ninayoomba kuna angalau mbili nimeenda bila kuomba chochote. Ni kazi kubwa, nauli za bajaji na bodaboda zinaisha, lakini ndio kazi yenyewe.

Mambo ya karatasi nitayapita haraka ila usiyapuuze. Mfanyabiashara atakuuliza kuhusu kodi: Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 inamruhusu kupunguza kwenye hesabu zake mchango kwa taasisi ya hisani, kwa kikomo cha asilimia 2 ya mapato yake ya biashara, lakini taasisi iwe imetambuliwa na TRA kuwa ya hisani, kusajiliwa tu kama NGO hakutoshi, na watu wengi wanaahidi kitu hapa ambacho hawana. Hela za migodi nazo, tangu sheria ya madini irekebishwe 2017, zinapita kwenye mpango ambao mgodi unakubaliana na halmashauri, kwa hiyo usipoteze miezi kumfukuzia afisa wa mgodi, anza halmashauri. Na kwenye kila andiko weka umeme, mishahara na matengenezo wazi wazi. Kila mtu anapenda kujenga, hakuna anayependa kununua LUKU, ila mimi baada ya lile tenki siandiki mradi wowote bila fungu la matengenezo la miaka miwili, na mfadhili akilikata namwambia kwa heshima basi tupunguze ukubwa wa mradi.

Kuna hela tumezikataa. Shirika moja lilitaka picha za watoto wetu wakiwa peku, wamechafuka, wawe na huzuni kidogo, ndio zinauza. Hawa watoto wanakuja kwetu kucheza na kujifunza, mimi siwezi kwenda kuuza huzuni ambayo hawana. Picha tunapiga kwa ridhaa ya mzazi iliyoandikwa, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipite tumekuwa wakali zaidi, jina la mtoto na shule yake haviendi kwenye ripoti. Na msimu wa uchaguzi kuna mtu alitaka kulipia madawati yote mapya ila watoto wavae fulana zenye sura yake. Madawati tuliyahitaji kweli. Bodi ilikaa kikao cha masaa matatu, tukasema hapana. Wazazi wa pande zote wanaleta watoto pale, ukimruhusu mmoja umewafukuza nusu.

Yule mzee wa sangara nilimrudia. Nilitengeneza pampu kwa michango ya ndani, nikasubiri maji yatulie, samaki wakazoea, nikampigia nikamwambia mzee sina ombi, tenki lina maji, namwomba mjukuu aje aangalie. Wakaja wote wawili Jumamosi. Mjukuu alikuwa ameshakua, yuko darasa la sita, akawa anamwelekeza babu yake yupi ni sato na yupi ni furu, na mzee aliyekaa na samaki maisha yake yote anaitikia tu, ehee, ehee, kama ndio anasikia mara ya kwanza. Hakutoa kitu siku ile na mimi sikuomba. Mwaka uliofuata analipia mtu wa kuliangalia tenki, mshahara wa mwezi kwa mwezi, na kila mwisho wa mwezi namtumia kavideo ka sekunde thelathini kwenye WhatsApp, maji yanaonekana.

Wiki hii ni mbalamwezi. Kesho asubuhi naenda Mwaloni na bahasha ya picha.