Kabla ya kugawana urithi wa biashara ya soda, hesabuni matupu

Watu wakiniuliza biashara ya kusambaza soda inaingiza nini, huwa wanataka kujua faida ya kreti moja. Ni ndogo, wala si siri. Unaishi kwa wingi wa mzigo unaozunguka. Mimi ni mjukuu wa mzee aliyeianzisha hii yetu, na huwa nawaambia watazame kitu kingine: matupu, yaani chupa tupu na kreti zake.

Babu alianzia Majengo, Mombasa, na mkokoteni. Asubuhi anapeleka soda kwenye vioski, jioni anazunguka tena kukusanya chupa. Kreti ya chupa ndogo za mililita 300 hubeba chupa 24, na chupa hizo sharti zirudi kiwandani zikaoshwe na kujazwa upya. Kwa hiyo mwenye duka mpya alilipia soda, na juu yake akaweka amana, yaani pesa ya kreti na chupa, ya kurudishiwa siku akiacha kuuza. Usipopeleka matupu hupakiwi mzigo, labda ulipie chupa nyingine. Babu hakuwa na karani. Alikuwa na daftari la jalada jeusi, majina ya maduka upande mmoja, kreti zao upande wa pili.

Baba na ami walipoingia, mkokoteni ukawa pikapu, pikapu ikawa lori. Daraja jipya la Nyali lilifunguliwa 1980 kuchukua nafasi ya lile la kuelea, basi Kisauni hadi Bamburi ikawa ruti ya kila siku. La Kilifi likaja 1991. Upande wa kusini ilikuwa ni foleni ya feri ya Likoni, na ami husema huko ndiko alikotokea mvi.

Habari za madaraja kila familia hupenda kuzisimulia. Za matupu huzuka mzee akishafariki.

Kwetu zilizuka kwenye kikao cha mirathi ya babu. Uani kreti zimepangwa hadi kugusa mabati, benki kuna akiba, kila mtu keshaanza kupiga hesabu ya fungu lake. Shangazi ndiye aliyesimama. "Leteni daftari kwanza." Tukashinda uani tukihesabu, yeye akikagua chupa moja moja, iliyomeguka mdomo anaitoa, maana kiwanda hakiipokei. Mwishowe ikaonekana sehemu kubwa ya ile akiba ni pesa za amana za wenye maduka. Kwa sisi Waislamu deni la marehemu hulipwa kwanza, kisha wasia usiozidi thuluthi, ndipo warithi wapate mafungu yao. Pesa ya matupu ni deni. Lau tungeigawa, mwenye kioski akija kudai angemdai nani?

Basi amana ziwekeeni akaunti yake. Tangu M-Pesa ianze 2007 naona mambo yamekuwa mepesi na mabaya kwa pamoja: tili moja, ile namba ya kupokelea malipo, inapokea mauzo, inapokea amana, na humo humo inatoka karo ya watoto.

La pili ni gumu zaidi, maana linagusa nyoyo. Ami aliendesha lori miaka na miaka bila mshahara, akijua biashara ni "yetu". Kwenye mirathi alipata sawasawa na ndugu yake aliyekuwa Ughaibuni. Mafungu ya mirathi hayamtambui aliyeamka alfajiri kupakia. Kijana akifanya kazi kwa babake, iandikwe mzee angali hai: ni mwajiriwa, ni mshirika, au anasaidia tu? Na mzee akitaka kumpa mtoto kitu, ampe kwelikweli. "Lori hili lako" huku logibuku ina jina la mzee na funguo ziko mfukoni mwake, hiba hiyo, yaani zawadi hiyo, itapingwa, na anayepinga atakuwa na hoja.

Mimi napendelea kampuni kuliko kusajili jina la biashara tu, ambalo halitengani na mwenyewe. Kampuni haifi na mwenyewe. Zinazorithiwa ni hisa, lori na stoki vinabaki pamoja. Sheria ya Kampuni ya Kenya ya 2015 inaruhusu hata mtu mmoja kusajili, kwa hiyo mzee asiyetaka kuingiliwa hana kisingizio.

Tazameni pia mkataba wa uwakala. Wetu ulikuwa kwa jina la babu, na kiwanda hakikuwa na wajibu wa kuendelea na watoto wake. Walituvumilia kwa sababu matupu yetu yalikuwa yakirudi kwa wakati, tukaandikiana upya. Ombeni jina libadilishwe mapema, mzee mwenyewe akiwepo kutia saini. Ila msiende Ramadhani: mchana mauzo yamelala, lakini huko ofisini wote wako mbio na mzigo wa Idi, na barua yenu itawekwa chini ya rundo.