Kaa wekundu tumboni mwa jodari

SWALI: Mimi ni nahodha wa boti ya uvuvi hapa Kilifi. Mwishoni mwa Septemba tulitoka bahari kuu tukapata jodari wanne kwa mishipi ya kukokota. Kuwapasua, tukakuta matumbo yamejaa kaa wadogo, wekunduwekundu, miguu ya nyuma bapa kama makasia. Usiku tulipowasha taa, wenzao wakaja wakiogelea juu ya maji, na chini yetu kina kinapita mita elfu. Vijana wangu wanasema ni kaa wa ufukweni waliobebwa na mkondo. Nimekutumia picha ya mmoja aliyetoka mzima. Ni kaa gani, na kwao ni wapi?

JIBU: Nahodha, kaa wako hakubebwa na mkondo. Ulimkuta kwake.

Rangi iache kwanza, maana humbadilikia kaa akifa, na tumboni mwa samaki hubadilika upesi zaidi. Makasia nayo yanakwambia tu kwamba ni wa ukoo wa kaa waogeleaji, ukoo wa Portunidae, ambao una spishi nyingi. Kinachofaa ni meno ya ukingo wa mbele wa gamba, upande mmoja, kuanzia kwenye jicho kwenda nje. Wengi hukosea hapa: jino lililo kwenye kona ya nje ya jicho nalo huhesabiwa. Kaa wa mikoko, Scylla serrata, ana meno 9 yanayokaribiana kwa ukubwa. Kaa wa buluu wa mchangani, Portunus segnis, anayo 9 pia, ila la mwisho limechomoza kama mwiba mrefu. Wako nimemhesabu mara tatu pichani: ana 6. Hiyo ni jenasi, yaani kundi la spishi za karibu, iitwayo Charybdis.

Mwenzake wa jenasi hiyo unamjua, yule mwenye alama ya msalaba mgongoni anayeuzwa sokoni, Charybdis feriata. Wako hana msalaba. Isitoshe, ukitazama nyuma ya gamba, ukingo wa nyuma na ule wa ubavu vinakutana kwa pembe kali badala ya kuviringika. Pembe hiyo ni alama ya kikundi kidogo kiitwacho Goniohellenus, na katika kikundi hicho, anayejulikana kwa kutanda bahari kuu ya upande wetu kwa makundi makubwa ni mmoja: Charybdis smithii.

Alielezwa kitaalamu na mtaalamu wa viumbe MacLeay mwaka 1838, kutoka mkusanyiko wa Afrika Kusini wa Andrew Smith, daktari Mskoti ambaye jina lake ndilo analolibeba. Mwaka 1949 wataalamu waliwaeleza kaa wa namna hii kwa jina jingine, Charybdis edwardsi, na ukisoma taarifa ya watafiti Della Croce na Holthuis ya 1965 kuhusu makundi yao katika Bahari ya Hindi, utakuta jina hilo. Baadaye ikaonekana edwardsi na smithii ni kaa yuleyule. Nakutajia haya kwa sababu anayetafuta habari zake kwa jina moja tu huikosa nusu ya habari.

Makao yake ni Bahari ya Hindi, hasa magharibi: kuanzia Afrika Kusini, kupanda pwani yetu hadi Somalia, Ghuba ya Aden na Bahari ya Arabu, kisha India na Ghuba ya Bengal. India hunaswa pia na nyavu za kukokota sakafuni, kwenye mteremko wa bara wenye kina cha mamia ya mita. Kwa hiyo ana maisha ya namna mbili, ya sakafuni na ya maji ya wazi, na haya ya pili ndiyo yanayonishangaza hadi leo. Watafiti wa Kiholanzi waliofanya kazi kati ya Somalia na Yemen mwaka 1992 na 1993 waliwakuta kwa wingi wakati wa kusi. Mchana walikuwa kati ya mita 150 na 350, kwenye maji ya baridi yenye oksijeni kidogo mno, mahali ambapo samaki wengi wangezimia. Usiku hupanda kutafuta chakula. Ndiyo maana uliwaona taani.

Jodari naye anawajua vizuri kuliko sisi. Samaki wakubwa wa aina zaidi ya 30 wameonekana kuwala. Inakadiriwa kaa huyu huishi mwaka mmoja hivi, kwa hiyo kundi utakaloliona mwakani huenda likawa kizazi kipya kabisa.

Kuhusu kumpeleka sokoni, wengi gamba lao ni sentimita 5 hadi 7 kwa upana, nyama haba. Waache jodari wale, wewe vua jodari.

Naomba jambo moja. Ukiwapata tena, chagua wazima watano, madume na majike. Dume kile kifuniko kilichokunjwa tumboni ni chembamba kama pembetatu, cha jike ni kipana. Piga picha kabla rangi haijapotea, wagandishe kwenye barafu bila kuwavunja miguu, kisha andika tarehe, saa, kina, na mahali kwa mujibu wa jipiesi yako. Dume nitamfunua kile kifuniko nitazame viungo vyake vya uzazi kwa darubini, kwa sababu hapo ndipo spishi hizi zinazofanana hutengana bila ubishi.