Kabla hamjapanda miche elfu: maswali ya wasomaji kuhusu miti ya mji mdogo

Maswali kuhusu miti ya mjini yamekuja mengi, na mengi yanauliza namna ya kupanda. Nimechagua zaidi yale yanayogusa kulinda na kutunza, kwa sababu huko ndiko miji midogo inakoshindwa. Nimeyafupisha kidogo.

Mimi ni diwani katika mji mdogo. Hatuna mtaalamu wa miti wala fungu la kumwajiri. Tuanzie wapi?

Anzeni kuhesabu mlichonacho, mheshimiwa. Uliza ofisini kwenu taa za barabarani ziko ngapi, mtapata jibu. Uliza miti iko mingapi, watu wataanza kutazamana.

Watu wawili wenye daftari na utepe wa kupimia wanaweza kupita mtaa mzima bila utaalamu mkubwa. Waandike aina ya mti, unene wa shina kwenye kimo cha mita 1.3 kutoka ardhini, hali ya matawi, na kilichopo juu na chini yake: waya za umeme, bomba, mtaro. Mkitaka makadirio ya kivuli na faida nyingine, ipo programu ya kompyuta iitwayo i-Tree iliyotolewa mwaka 2006 na Idara ya Misitu ya Marekani, nayo haitozwi. Kwa mwaka wa kwanza daftari linatosha.

Kisha mteueni mtu mmoja wa kuulizwa. Hata akiwa ni afisa wa mazingira mwenye kazi nyingine tano, jina lake lijulikane. Marekani kuna mpango uitwao Tree City USA, ulioanza mwaka 1976, ambao hutambua mji ukitimiza masharti manne: bodi au idara yenye dhamana ya miti, sheria ya miti, bajeti isiyopungua dola 2 kwa kila mkazi kwa mwaka, na siku maalumu ya kuadhimisha miti. Sharti la nne ni sherehe tu. La tatu ndilo la kuiga, hata kama kiwango chenu kitakuwa kingine: bajeti ikifungwa kwenye idadi ya wakazi, si rahisi kuifuta kimyakimya fedha zinapopungua.

Halmashauri yetu inataka kutunga sheria ndogo ya kuzuia ukataji wa miti. Kitu gani kisikosekane?

Kwanza, itenganishe miti ya umma na miti iliyomo ndani ya viwanja vya watu. Ya umma isiguswe na yeyote bila kibali cha maandishi, na hapo namtaja pia fundi wa umeme, mkandarasi wa maji na idara ya barabara. Miji mingi huwabana wananchi na kusahau kwamba wakataji wakubwa wana magari ya serikali.

Kwa viwanja vya watu, wekeni kipimo cha unene ambacho mti ukikifikia, kuukata kunahitaji kibali. Msikiweke chini mno. Mwenye kiwanja akiona mti wake unakaribia kipimo, na anajua kupata kibali ni mateso, ataukata mapema uwe kuni. Kibali kiwe cha haraka, na kupogoa kwa kawaida kusihitaji kibali kabisa.

Faini isiwe kiasi kimoja kwa kila mti. Anayejenga jengo kubwa hulipa faini ndogo akiwa anacheka. Kwake ni gharama ya kawaida ya ujenzi. Baadhi ya halmashauri za London hutumia mfumo uitwao CAVAT, unaoanza na ukubwa wa shina kisha kuangalia hali ya mti na wingi wa watu wanaoishi eneo hilo, hadi upatikane thamani ya mti huo mmoja. Si lazima mchukue hesabu yao yote. Faini inayopanda kulingana na unene wa shina inatosha kumfanya mwenye tingatinga akae chini afikiri.

Mkandarasi alichimba mtaro wa bomba karibu na mti mkubwa wa shuleni kwetu. Hakukata hata tawi. Mwaka wa pili ukaanza kukauka juu, sasa umekufa. Yeye anasema ni ukame. Je, mtaro unaweza kuua mti baada ya muda wote huo? (Mwalimu)

Unaweza kabisa, mwalimu, na ukame na mtaro vinaweza kuwa vimeshirikiana. Hili nitalieleza kwa kirefu kwa sababu miti mingi mikubwa ya mjini hufa hivi, na anayeiua huwa ameshalipwa na kuondoka.

Watu hudhani mizizi inashuka chini kwa kina sawa na urefu wa mti. Sivyo. Sehemu kubwa ya mizizi huwa ndani ya sentimita 60 za juu, maana huko ndiko kuna hewa na maji ya mvua, nayo huenea pembeni kupita mbali kivuli cha matawi. Mtaro wa kina cha mita moja uliopita mita mbili kutoka shinani unaweza kukata karibu nusu ya mizizi kwa siku moja. Mti hauanguki siku hiyo. Unaishi kwa akiba iliyomo katika shina na mizizi iliyobaki, unatoa majani madogo kidogo msimu unaofuata, kisha matawi ya juu yanaanza kukauka. Kiangazi kikali kikija, mizizi iliyosalia haiwezi kuunywesha mti mzima.

Na mtaro una ndugu zake. Lori likiegeshwa chini ya mti kila siku, udongo hushindiliwa hadi hewa inakosa pa kupita. Rundo la kifusi likikaa juu ya mizizi kwa miezi, matokeo ni yaleyale. Maji ya kuoshea vyombo vya zege yanabadilisha udongo ukawa na chokaa nyingi kuliko miti mingi inavyovumilia. Yote haya hufanywa bila shoka.

Kiwango cha Uingereza kinachoongoza ujenzi karibu na miti, BS 5837, hutumia hesabu nyepesi: chukua kipenyo cha shina, zidisha kwa 12, hiyo ndiyo nusu kipenyo ya duara la kulindwa. Shina la sentimita 50 linapewa mita 6 kila upande. Duara hilo lizungushiwe uzio imara kabla mashine ya kwanza haijafika, maana mizizi ikishakatwa hakuna dawa ya kuirudisha. Bomba likilazimika kupita hapo, lipitishwe chini ya mizizi kwa kutoboa, au mtaro uchimbwe kwa mkono na mizizi minene iachwe ikiwa mizima.

Kwa mkataba ujao, andikeni mti wenyewe ndani ya mkataba, pamoja na thamani yake, na sehemu ya malipo ya mkandarasi ibaki mkononi mwenu kwa miaka miwili.

Wamekata mti mkubwa barabarani na kuahidi kupanda kumi. Si afadhali?

Hapana. Piga hesabu: shina la kipenyo cha sentimita 60 lina eneo la mkato (ule uso unaoonekana shina likikatwa) sawa na miche 400 ya sentimita 3. Kumi haikaribii hata kidogo, na hapo tumechukulia kwamba yote kumi itapona. Mti mzima unapooza barabara leo mchana. Miche itafanya hivyo baada ya miaka ishirini, ikibahatika. Kile kibwagizo cha "kata mti, panda mti" kina nafasi yake katika shamba la mbao. Mjini kimekuwa ruhusa ya kukata.

Mti ukiwa umeoza na unaweza kuangukia watu, ukatwe. Ila sababu iandikwe na ibandikwe mtini siku kadhaa kabla ya msumeno kufika.

Kila mwaka tunapanda mamia ya miche siku ya miti, na kila mwaka mashimo ni yaleyale. Tunakosea wapi?

Kwa kuwa mashimo ni yaleyale, tatizo liko baada ya picha kupigwa. Pandeni michache. Chukueni kiasi cha maji mnachoweza kubeba wakati wa kiangazi, muigawe kwa mahitaji ya mche mmoja, mtapata idadi ya miche mnayostahili kupanda. Mti mchanga wa mjini unahitaji kumwagiliwa kwa miaka miwili au mitatu ya mwanzo, na maji yaingie polepole hadi chini. Kikombe cha kila jioni hulowesha vumbi tu na kufundisha mizizi kubaki juu.

Angalieni pia namna ya kupanda. Shimo liwe pana mara mbili au tatu ya udongo ulioshikwa na mizizi, lakini kina kisizidi udongo huo. Pale shina linapotanuka kuelekea mizizini pabaki panaonekana juu ya ardhi. Ukiufukia mti shingoni, gome huoza taratibu. Miche iliyokaa sana kwenye mifuko kitaluni huwa na mizizi inayozunguka kama kamba. Mfuko utolewe wote, na mizizi hiyo inyooshwe au ikatwe, la sivyo itakuja kulikaba shina miaka kumi baadaye na hakuna atakayejua sababu. Matandazo ya majani au vipande vya gome, unene wa sentimita 5 hadi 10, yazunguke mti bila kugusa shina. Kiegemezo kiondolewe baada ya mwaka mmoja hivi, maana mti usiotikiswa na upepo hauimarishi shina lake.

Na badilisheni takwimu mnayotangaza. Msiseme mmepanda mingapi mwaka huu. Semeni mingapi ya miaka mitatu iliyopita iko hai. Nakuonya: mara ya kwanza mkiitangaza, namba hiyo itawaaibisha.

Tunapenda barabara yetu yote iwe na mti wa aina moja, ipendeze. Kuna ubaya?

Uzuri upo, na mimi pia naupenda. Lakini sikiliza kisa hiki. Katika karne ya 20, ugonjwa wa kuvu unaosambazwa na mbawakawa uliangamiza miti ya elmi iliyojipanga katika barabara za miji ya Marekani. Miji mingi ikaziba mapengo kwa miti ya eshi, mizuri na migumu. Mwaka 2002 mdudu wa kijani kutoka Asia akagunduliwa karibu na Detroit, ambaye buu lake hula chini ya gome la eshi, naye ameua makumi ya mamilioni ya miti hiyo. Walirudia kosa lilelile kwa jina jingine.

Mtafiti wa miti Frank Santamour wa Marekani alipendekeza mwaka 1990 kwamba spishi moja, yaani aina moja ya mti, isizidi asilimia 10 ya miti ya mji, jenasi moja (kundi la spishi za karibu) 20, na familia moja (kundi la jenasi zinazohusiana) 30. Melbourne imejiwekea nusu ya viwango viwili vya mwanzo: 5 na 10, na familia isizidi 20. Mkitaka barabara ya aina moja, iwe moja, na barabara inayofuata iwe ya aina nyingine. Chini ya waya pandeni miti inayoishia kimo kidogo, mpunguze ugomvi na watu wa umeme.

Jirani anakata vichwa vya miti yake yote eti isianguke. Inasaidia?

Inaongeza hatari. Mti uliokatwa kichwa hutoa machipukizi mengi kwa pupa, nayo hushikiliwa na tabaka la nje tu; yakinenepa hukatika kwa upepo wa kawaida. Wakati huohuo kidonda kikubwa cha juu kinaingiza kuvu hadi ndani ya shina.

Tawi likatwe nje kidogo ya ule uvimbe lilipoungana na shina. Alex Shigo, mtafiti wa Marekani aliyepasua maelfu ya miti kuona ndani, alionyesha kwamba mti hauponyi kidonda bali unakizungushia ukuta, na uvimbe huo una sehemu ya ukuta wenyewe. Ukiufyeka, umefungua mlango. Rangi ya kupaka kwenye kidonda haisaidii. Weka pesa yako mfukoni.

Mizizi imeinua vigae vya njia ya waenda kwa miguu. Tuung'oe mti?

Ng'oeni vigae. Mizizi inafuata unyevu na hewa iliyopo kati ya sakafu na udongo ulioshindiliwa. Pindisheni njia izunguke shina, au inueni sakafu kidogo, au tandazeni kitu kinachonyumbulika. Kwa miti mipya, mpe kila mmoja udongo wa kutosha. Stockholm hupanda ndani ya mawe makubwa yaliyochanganywa na udongo na mkaa maalumu, barabara inabebwa na mawe na mizizi inapita katikati.

Tuna miche michache mwaka huu. Ipandwe wapi?

Sio mbele ya ofisi ya halmashauri. Mtaalamu wa misitu ya mijini Cecil Konijnendijk alipendekeza mwaka 2021 kipimo cha 3-30-300: kila mtu aone angalau miti 3 kutoka nyumbani kwake, kivuli cha miti kifunike asilimia 30 ya mtaa, na bustani isiwe mbali zaidi ya mita 300. Tembeeni na kipimo hicho. Mtaa unaoshindwa yote matatu huwa ndio wenye mabati mengi, joto kali na watu wengi wasio na sauti kwenye vikao. Anzeni huko, na waulizeni wakazi wanataka mti gani kabla gari la miche halijafika.

Kupigilia bango la tangazo mtini kwa misumari miwili ni kosa kweli?

Misumari miwili haiui mti mzima. Waya uliozungushwa shinani ndio unaoua, kwa sababu shina linanenepa na waya haunenepi. Baada ya miaka kadhaa unazama ndani ya gome na kukata njia ya chakula kwenda mizizini. Ukiona waya wa namna hiyo, ukate leo. Ukikuta umeshamezwa na gome, kata kipande kinachoonekana tu, usichimbe kutafuta kingine.