Mtazame Germaine Acogny

Umeuliza kama mcheza densi anaweza kubaki jukwaani baada ya miaka 70. Anaweza kabisa! Germaine Acogny, aliyezaliwa Benin mwaka 1944 na kukulia Senegal, mwaka 2015 alibeba peke yake onyesho zima kuhusu baba yake na bibi yake, kuhani wa Kiyoruba. Zamani aliongoza Mudra Afrique, shule ya densi jijini Dakar. Ila kwangu mimi kazi yake kubwa kuliko zote ni École des Sables, shule aliyoijenga na mumewe huko Toubab Dialaw, kijiji cha pwani nchini Senegal. Ukumbi mmoja una sakafu ya mchanga, na mbinu anayofundisha huanzia kwenye uti wa mgongo. Simba wa Dhahabu, tuzo ya heshima ya densi aliyopewa Venice, Italia, mwaka 2021, alistahili kupewa mapema zaidi.